Mtoto Ameanza Chekechea na Haishi Kuumwa: Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza

Wiki ya kwanza mafua. Wiki ya tatu homa na sikio. Wiki ya tano kuharisha, na kabla tumbo halijatulia, kamasi zimeanza tena. Mzazi aliyefika hapo huuliza maswali yaleyale: je, kinga ya mwanangu ni dhaifu? Dawa nimpe kiasi gani? Arudi lini? Au nimtoe kabisa? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio ambao utayahitaji.

Tuanze na swali la kinga, kwa sababu ndilo linalonyima watu usingizi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anayekaa na wenzake kutwa anaweza kushikwa na mafua mara 8 hadi 12 kwa mwaka na bado akawa mzima kabisa. Mafua yenyewe huchukua siku 7 hadi 10, na kikohozi chake kinaweza kuburuta hadi wiki 2 au 3. Piga hesabu: mara 10 kwa mwaka, kila mara wiki 2, ni wiki 20, na nyingi kati ya hizo hurundikana kwenye miezi ambayo watoto wanafungiwa ndani. Ndiyo maana inaonekana ni ugonjwa mmoja usioisha, kumbe ni magonjwa madogo mengi yanayopokezana. Virusi vinavyoleta mafua vinazidi 200, na kwa mtoto mdogo karibu vyote ni vigeni. Watafiti wa Tucson, Arizona, waliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa, walionyesha mwaka 2002 kwamba waliolelewa katika vituo vyenye watoto wengi walipata mafua mara nyingi zaidi wakiwa na miaka 2, lakini mara chache kuliko wenzao walipofika miaka 6 hadi 11.

Kwa hiyo usijiwekee lengo la kuzuia kila mafua. Lengo ni kuyapitia vizuri, na kutoikosa ile siku moja ambayo siyo mafua ya kawaida.

Vya kuandaa kabla hajaanza

- Kipimajoto cha dijitali cha kuweka kwapani. Vile vya kuelekeza kwenye paji la uso vina haraka, lakini mara nyingi hukosea, hasa mtoto akiwa ametoka juani au anatoka jasho.
- Paracetamol ya maji na sirinji ya kumezeshea dawa, isiyo na sindano, yenye alama za mililita. Vijiko vya jikoni havilingani; usivitumie kupimia dawa.
- Uzito wa mtoto kwa kilo, uliopimwa ndani ya miezi 3 iliyopita. Dozi hupangwa kwa uzito kuliko umri.
- Pakiti 4 au zaidi za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), na chombo ambacho una hakika kinaingia kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Zipo za lita 1, za nusu lita na za mililita 200.
- Matone ya pua ya maji ya chumvi na kifyonzeo cha kamasi.
- Mafuta ya mgando, kwa ajili ya ngozi ya chini ya pua na ya makalio.
- Daftari na kalamu, mahali pamoja pasipobadilika.
- Kadi ya chanjo, namba ya kituo cha afya na namba ya dharura, zibandikwe ukutani.
- Majina ya watu wazima wawili, mbali na wewe, wanaoweza kukaa na mtoto siku akishindwa kwenda. Waombe sasa, usisubiri asubuhi ya homa.

Hatua ya 1: Funga mianya kabla ya siku ya kwanza

Hakikisha chanjo zote za umri wake zimekamilika, hasa ya surua, ya nimonia, ya Hib (bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo) na ya rota (virusi vya kuharisha). Pale inapopatikana chanjo ya kila mwaka ya homa ya mafua (influenza), mtoto anaweza kuipata kuanzia miezi 6. Anayeipata kwa mara ya kwanza huhitaji dozi 2 zilizopishana angalau wiki 4. Kwa hiyo ianze mapema.

Kisha kiulize kituo maswali haya: Walezi hunawa kwa sabuni baada ya kila nepi? Madirisha hufunguliwa? Kila mtoto ana kikombe na shuka lake? Chumba kimoja kina watoto wangapi? Mnampigia mzazi simu joto likifika ngapi? Idadi ya watoto kwenye chumba ina uzito kuliko rangi za ukutani: kundi la watoto 6 linabadilishana virusi vichache kuliko kundi la 20.

Kazini, jipangie mapema kwamba miezi 6 ya kwanza utakatizwa. Kama mko wazazi wawili, gawaneni siku kwa majina: Jumatatu hadi Jumatano ni zamu ya huyu, Alhamisi na Ijumaa ni ya yule. Familia zinazoamua asubuhi ileile, mtoto ana homa na wote wamechelewa, hugombana zaidi ya zinavyostahili.

Hatua ya 2: Anza daftari siku ya kwanza

Usiiruke hatua hii hata kama inaonekana ndogo. Andika tarehe dalili ilipoanza, joto la juu kabisa, dawa na saa uliyoitoa, siku ambayo homa ilikata, na siku aliyorudi kucheza kama kawaida. Mistari 3 au 4 inatosha.

Bila daftari utamwambia daktari "anaumwa tangu mwezi wa pili", naye hana cha kushika. Ukiwa nalo utaona, kwa mfano, mafua 4, kila moja likipona, na kati yake siku 5 hadi 9 za afya njema. Hizo siku za afya ndizo zinazokuonyesha kwamba kinga inafanya kazi. Mtoto asiyepata siku nzuri hata moja kwa wiki nyingi ndiye wa kuchunguzwa. Daftari pia huzuia kosa la mlezi mmoja kutoa dawa ambayo mwenzake ameshaitoa.

Hatua ya 3: Weka utaratibu wa kurudi nyumbani

1. Mlangoni tu, mnawishe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Na wewe unawe.
2. Mvue nguo za kutwa na umfute uso.
3. Ndipo akumbatie mdogo wake na kula.

Rudia kunawa kabla ya kila mlo na baada ya kila nepi au choo. Kitakasa mikono kinasaidia njiani, lakini hakiviwezi vizuri virusi vya kuharisha kama norovirasi. Hapo sabuni na maji havina mbadala.

Fungua madirisha ya chumba anacholala. Usiruhusu mtu avute sigara ndani, wala mtoto akae kwenye moshi wa jikoni. Moshi huongeza maambukizi ya masikio na kifua. Usimlaze na chupa ya maziwa mdomoni, maana kunywa akiwa chali huchangia matatizo ya sikio.

Vidonge na sirapu za "kuongeza kinga" havijathibitika kuzuia mafua kwa mtoto anayekula vizuri. Tumia fedha hiyo kununua kipimajoto kizuri.

Hatua ya 4: Homa

Homa ni joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi. Weka ncha katikati ya kwapa kavu, bana mkono, subiri mlio. Kisha iache namba kando kidogo na umtazame mtoto. Mwenye nyuzi 39 anayecheza na kunywa ana nafuu kuliko mwenye 38 aliyelegea, asiyetaka hata kutazama. Nafuu hiyo haikuondolei kazi ya kupima: mahali penye malaria, kila homa ipimwe malaria ndani ya saa 24, hata kama kamasi zinaonekana wazi.

Dawa inalengwa kumpa unafuu, si kuirudisha namba chini. Kama ana homa lakini ana raha, si lazima kumpa. Amelala, usimwamshe kwa ajili ya paracetamol.

Ukitoa, pima hivi. Soma chupa kwanza:

- Iliyoandikwa mg 120 kwa ml 5: nusu mililita kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 anapata ml 5, wa kilo 12 ml 6, wa kilo 14 ml 7.
- Iliyoandikwa mg 250 kwa ml 5: robo mililita kwa kila kilo. Wa kilo 12 anapata ml 3.

Rudia baada ya saa 4 hadi 6 kama bado anahitaji, na usizidishe mara 4 ndani ya saa 24. Mtaalamu wa afya akikupa kiasi tofauti kwa ajili ya mtoto wako, fuata chake.

*Tahadhari.* Chupa hizo mbili hufanana sana. Kumpa dawa ya mg 250 kwa kipimo cha mg 120 ni kumpa zaidi ya mara mbili. Matone ya watoto wachanga huwa makali zaidi kuliko zote mbili, kwa hiyo usiyapime kwa kanuni hii. Dawa nyingi za "mafua na homa" zina paracetamol ndani yake; ukichanganya, umetoa mara mbili bila kujua.

Tarajia mabadiliko baada ya nusu saa hadi saa 1, na joto kushuka kwa nyuzi 1 hadi 1.5. Likitoka 40 likafika 38.7, dawa imefanya kazi. Wazazi wengi huona 38.7 wakadhani imeshindwa, wakaongeza nyingine.

Ibuprofen ni mg 5 hadi 10 kwa kilo, kila saa 6 hadi 8, isizidi mara 3 kwa siku. Usimpe aliye chini ya miezi 6, anayetapika au kuharisha, mwenye tetekuwanga, au mahali penye dengue. Aspirini haifai kwa mtoto hata kidogo, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo.

Usimwogeshe maji ya baridi wala kumpaka spiriti. Mvishe nguo nyepesi, mpe vinywaji mara kwa mara.

Akipata degedege la homa, mlaze ubavu kwenye sakafu, ondoa vitu vigumu karibu, tazama saa, na usimtie chochote mdomoni, si kijiko wala kidole. Mengi huisha kabla ya dakika 5. Hata likiisha, mpeleke hospitali mara moja (Hatua ya 7); likipita dakika 5, au ni mara yake ya kwanza, au hazinduki vizuri baadaye, ni dharura zaidi.

Hatua ya 5: Mafua na kikohozi

Pua iliyoziba ndiyo inayomnyima kula na kulala, basi anza hapo. Dakika 10 kabla ya mlo na kabla ya kulala, tia matone 2 au 3 ya maji ya chumvi kila tundu, subiri dakika 1, kisha vuta kamasi taratibu. Usivute zaidi ya mara 3 au 4 kwa siku, la sivyo pua huvimba na kuziba upya. Ukikosa ya dukani, chemsha maji, yapoze, changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kwa ml 250, na umwage yaliyobaki baada ya saa 24. Paka mafuta ya mgando chini ya pua kabla ngozi haijachubuka.

Mwenye mwaka 1 kwenda juu anaweza kupewa nusu hadi kijiko 1 cha chai cha asali kabla ya kulala; hutuliza kikohozi cha usiku. Aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali kamwe, kwa hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli.

Sirapu za kikohozi za dukani hazimsaidii mtoto wa umri huu, na nyingine humlegeza au kumwendesha moyo mbio. Ziache.

Kamasi kugeuka njano au kijani siku ya 3 au ya 4 si ushahidi wa bakteria. Ndivyo mafua yanavyokomaa. Antibiotiki haziui virusi, nazo humletea kuharisha, ukabaki na matatizo mawili badala ya moja. Usimwombe daktari antibiotiki, mwulize, "Umeona nini kinachoonyesha ni bakteria?" Akiwa nacho, tumia dozi yote kama alivyoagiza.

Hatua ya 6: Kutapika na kuharisha

Baada ya kutapika subiri dakika 10. Kisha mpe ORS kijiko 1 cha chai kila dakika 2 au 3. Inachosha, na inafanya kazi. Anayelilia kikombe kizima kwa kiu akikipata hukitapika chote, na mzazi huamua kwamba "hata maji hayakai".

Kila baada ya choo cha maji, aliye chini ya miaka 2 anywe ml 50 hadi 100, na wa miaka 2 kwenda juu ml 100 hadi 200. Endelea kunyonyesha, na mrudishie chakula chake cha kawaida mara anapoweza kula. Kumfungisha huchelewesha kupona. Soda na juisi tamu huongeza kuharisha.

Changanya pakiti nzima kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa. Usigawe unga kwa kukadiria. Ukikosa kabisa: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Onja; kikizidi ladha ya machozi kwa chumvi, mwaga uanze upya, kwa sababu chumvi nyingi ni hatari. Mchanganyiko wowote hudumu saa 24 tu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza pia zinki; kipimo kilichozoeleka ni mg 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, kwa mtoto wa zaidi ya miezi 6. Wengi huacha siku ya 3 choo kikitulia. Maliza siku zote.

Matapishi yafute kwanza kwa karatasi, kisha safisha kwa klorini: kama chupa ni ya asilimia 5, ml 20 kwa lita 1 ya maji, iache dakika 10 halafu ufute. Usichanganye klorini na dawa nyingine ya usafi. Hutoa hewa yenye sumu.

Hatua ya 7: Jua siku ya kutosubiri

Bandika orodha hii ukutani. Nenda hospitali mara moja, hata usiku, ukiona:

- hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu
- degedege
- amelegea mno, haamki vizuri, au analia bila kutulizika
- kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, au anakoroma kwa mkwaruzo akiwa ametulia
- midomo au ulimi kuwa na rangi ya bluu au kijivu
- upele usiofifia ukibonyezwa kwa glasi (kwenye ngozi nyeusi tazama viganja, nyayo na ndani ya kope)
- shingo ngumu
- hajakojoa kwa saa 8, mdomo mkavu, analia bila machozi
- damu kwenye choo
- ana umri chini ya miezi 3 na joto la nyuzi 38 au zaidi; hii ni kwa mdogo wake aliyeambukizwa nyumbani

Hesabu pumzi akiwa ametulia au amelala, dakika 1 nzima kwa saa. Pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka: inaweza kuwa nimonia, aonwe siku hiyohiyo. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, watoto hawapumui kwa mpangilio. Usihesabu pia akiwa analia au joto likiwa kileleni. Tuliza kwanza, kisha hesabu tena.

Ndani ya siku 1 au 2 mpeleke akiwa na homa iliyofika siku ya 3, maumivu ya sikio au majimaji yanayotoka sikioni, au macho yenye usaha mwingi.

Hatua ya 8: Kumrudisha chekechea

- Homa: saa 24 bila homa na bila dawa.
- Kutapika au kuharisha: saa 48 tangu mara ya mwisho.
- Tetekuwanga: malengelenge yote yawe yamekauka na kufanya magaga, kwa kawaida siku 5 au 6 tangu upele uanze.
- Surua: siku 4 kamili tangu upele uanze.
- Ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo: homa ikiisha na akiwa anakula, hata kama madoa bado yapo.
- Kamasi na kikohozi peke yake: aende, mradi anacheza.

Kituo kikiwa na sharti kali zaidi, fuata la kituo. Kwa yasiyo kwenye orodha jiulize: ataweza kucheza, kula na kulala na wenzake bila kuhitaji mlezi wake peke yake? Kama hapana, abaki.

*Kosa linaloumiza wengi:* kumpa paracetamol asubuhi na kumpeleka. Dawa ya saa 1 asubuhi huisha nguvu kama saa 5, na simu inaita. Wakati huo ameshagusa kila kitu cha kuchezea, mlezi amepoteza imani nawe, na mtoto ametumia saa 4 za kupumzika akihangaika.

Hatua ya 9: Siku za katikati

Siku anapokuwa mzima ndizo za kumjenga. Mtoto wa miaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, pamoja na wa mchana. Wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13. Wengi hupoteza usingizi wa mchana kwa kelele za kituo, kwa hiyo mlaze mapema jioni kwa dakika 30 hadi 60.

Baada ya ugonjwa mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2. Hamu ya kula hurudi kwa nguvu siku chache baada ya homa kukata, na hapo ndipo uzito uliopotea hurudi. Mpime kila mwezi, andika daftarini.

Yakikwama

*Anatema dawa.* Mkalishe wima, elekeza sirinji upande wa ndani wa shavu, toa nusu mililita hadi ml 1 kwa wakati, ukimwacha ameze. Usimbane pua. Usiichanganye na chupa nzima ya maziwa. Asipoimaliza hutajua kapata kiasi gani. Akitapika ndani ya dakika 15 na dawa ukaiona, rudia mara moja. Baada ya hapo subiri wakati wa dozi ijayo.

*Homa ilikata siku 2, ikarudi na kikohozi kimezidi.* Hiyo si ileile. Inaweza kuwa sikio au nimonia imefuatia mafua. Aonwe siku hiyo.

*Kikohozi kimepita wiki 4.* Apimwe. Kama kilianza ghafla alipokuwa anakula au kuchezea vitu vidogo, usisubiri hata siku moja, huenda kuna kitu kimeingia kwenye njia ya hewa. Kikiambatana na mluzi kifuani au kikizidi kila usiku, mwambie daktari hivyohivyo.

*Kikohozi kinasikika kama mbwa anabweka usiku.* Mkalishe wima, mtulize. Kilio hubana njia ya hewa zaidi. Ukisikia mkwaruzo anapovuta pumzi hata akiwa ametulia, rudi Hatua ya 7.

*Kamasi zinatoka tundu moja tu na zinanuka.* Mara nyingi kuna kitu amekiingiza puani: shanga, punje, kipande cha sifongo. Usikichokoe, kitazama zaidi.

*Homa inakuja kila baada ya wiki 3 au 4, bila mafua yoyote.* Ipo homa ya vipindi ya watoto, na hugunduliwa kwa tarehe. Peleka daftari.

*Nitajuaje kama kinga kweli ina kasoro?* Mafua mengi peke yake si dalili. Omba uchunguzi akiwa amepata nimonia mara 2 au zaidi ndani ya mwaka, maambukizi mapya ya sikio mara 4 au zaidi ndani ya mwaka, majipu ya ndani yanayojirudia, antibiotiki kwa miezi 2 bila nafuu ya maana, haongezeki uzito, au katika ukoo kuna tatizo la kinga.

*Nyumba nzima inaugua.* Kila mtu taulo lake na kikombe chake. Usimalizie chakula cha mtoto wala kuonja kwa kijiko chake. Anayemhudumia anayetapika asiwe yule yule anayepika, kama mko wawili.

*Tumtoe?* Kwa mtoto anayepona kati ya ugonjwa na ugonjwa na kuongezeka uzito, hapana. Ukimtoa, mafua hayo yatamsubiri shuleni. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, mapafu yaliyoathirika kwa kuzaliwa njiti, au kinga iliyopungua, zungumza na daktari wake kuhusu kundi dogo zaidi au kuahirisha. Mkipumzika, pumzikeni kwa tarehe maalumu, kwa mfano wiki 4, si "mpaka atakapopata nguvu".

*Amepona, lakini kila asubuhi analia hataki kwenda.* Siku 5 za kukumbatiwa nyumbani zinamrudisha mwanzo. Siku ya kwanza mpeleke nusu siku, mwambie mlezi alikuwa na nini na usiku alilala saa ngapi, mwachie kitambaa au mdoli wake, muage kwa sentensi moja, na uondoke bila kurudi nyuma. Kwa kawaida ndani ya siku 2 au 3 anazoea tena. Akilia hata anapokula na kulala nyumbani, pima joto na uangalie masikio kabla ya kulaumu chekechea.